Tumbo jekundu si kitambulisho

Jumamosi nimewaona tena. Vijana wanne wapya wa kurekodi panzi, nyavu mkononi, jua la Dorset, kusini mwa Uingereza, limewachangamsha, mara mmoja akapiga kelele: "Vagans! Tumbo jekundu!" Yaani Chorthippus vagans, panzi adimu wa nyika, anayechanganywa na brunneus, binamu yake wa kawaida. Kabla sijafika alishajaza fomu ya rekodi, na panzi mwenyewe alishamwachia mguu mmoja vidoleni na kwenda zake. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kila kiangazi kosa ni lile lile. Nawaandikia mlio njiani kuja.

1. Anzeni na bawa. La vagans huishia gotini au pungufu kidogo. La brunneus hupita goti. Kisha mgeuzeni: brunneus ana manyoya tele chini ya kifua. Mshikeni mapaja yote mawili kwa pamoja.

2. Rangi iacheni. Wote wawili huwa na tumbo jekundu, na hapa sina budi kuwasimulia yaliyonipata.

Kiangazi changu cha pili nilikabidhiwa kipande cha nyika peke yangu. Siku ya kwanza, kwenye mteremko mkavu unaotazama kusini, mchanga ukionekana kati ya vichaka vya Calluna, mmea wa nyika, nilikamata dume nikamkagua kama nilivyofundishwa. Bawa fupi. Sikio la ubavuni mwa tumbo liko wazi, umbo la yai, wala si ufa mwembamba kama la brunneus. Alikuwa yeye. Kwa furaha nilimwachia bila kumpiga picha.

Kesho yake nilishajiona fundi. Kila mwenye tumbo jekundu nikamwandika vagans, wanane asubuhi, sita mchana, lenzi imelala mfukoni. Kwa Uingereza panzi huyu yuko Dorset na New Forest tu, kwa hiyo rekodi kumi na tano mahali papya zilimtoa mhakiki wa rekodi nyumbani. Mzee wa watu, magoti yanamsumbua, akatembea saa nzima kuja kuona. Akakamata wa kwanza, akamgeuza, akanipa lenzi bila neno. Manyoya. Wa pili, manyoya. Wa tatu vilevile. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Na yule wa siku ya kwanza, una picha yake?"

Sikuwa nayo. Rekodi zote zikafutwa, na yule wa kweli akiwemo, maana kwenye fomu yangu hakuna neno hata moja lililomtofautisha na wengine. Msimu uliofuata moto ukapita kwenye mteremko ule. Nimerudi viangazi vitatu, nimekaa pale mpaka jua likazama, sijamsikia. Kwenye ramani pale hajawahi kuwepo, na mimi nilimshika mkononi.

3. Picha tatu kabla ya kumwachia: ubavu, mgongo, chini ya kifua. Namba ya gridi ya ramani iwe ya tarakimu nane.

4. Tunutu msiwape jina. Kila mwezi wa sita naletewa "vagans mwenye bawa fupi" ambaye bado ni mtoto! Kwa tunutu aliyekaribia kukomaa, vibawa vya nyuma ndivyo vinavyofunika vya mbele. Dakika moja ya lenzi inatosha.

5. Tumieni masikio. Dume wa brunneus huimba kifupi, hukata, hunyamaza, mwenzake humjibu. Vagans huvuta mfululizo. Jumamosi hiyohiyo, wakati wenzake wakikimbizana na nyavu, binti mmoja alikuwa amepiga magoti kando, kafumba macho. Nikadhani anaumwa, nikamwendea.

"Shikamoo dada," akaninong'oneza, bado kafumba macho. "Huyu hajakata."

Tukahesabu pamoja, moja mpaka sita, naye anaendelea tu. Alipomtia wavuni alikaa kimya muda mrefu na lenzi jichoni. Bawa gotini. Kisha akaniomba nimshikie panzi, atoe simu apige picha ya sikio.