Kupima ZAP-70 kwenye seli T: usiichezee saa

ZAP-70 ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Kipokezi cha seli T (chembe nyeupe ya damu ya kinga) kikikutana na antijeni, yaani kitu kigeni inachokitambua, kinasi mwenzake, Lck, hubandika fosfeti kwenye mikia ya CD3, protini zinazoambatana na kipokezi hicho. ZAP-70 hujishikiza hapo, kisha Lck huiamsha kwa kubandika fosfeti kwenye asidi amino zake mbili, tairosini 319 na 493. Ikishaamka huzibandika fosfeti LAT na SLP-76, protini zinazopokea habari, na habari husonga mbele. Mambo haya huanza ndani ya sekunde na kufika kilele kwa dakika chache, maana vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti navyo havilali.

Ndiyo sababu wasioona fosfeti hiyo wengi hulaumu bure kingamwili yenye rangi inayoitambua. Ukizungusha tyubu kwenye sentrifuji dakika tano kabla ya kukaza seli (kuzigandisha kwa kemikali zilivyo), alama unayoitafuta imeshafutika. Paraformaldehaidi iingie kwenye tyubu ileile, ikiwa bado ndani ya maji ya nyuzi 37, hadi ifikie asilimia 1.6, iache dakika 10. Pima dakika ya 0, 1, 2, 5 na 10.

Damu ichukuliwe kwa heparini na isafiri bila barafu. Andika saa iliyotolewa, kwa sababu foleni ya Thika Road haina adabu, na damu ikikawia zaidi ya saa 8 granulosaiti huchanganyika na limfosaiti (kundi la seli T) kwenye Ficoll, kimiminika cha kutenganishia seli za damu. Ukishatenga seli, zipumzishe saa 1 au 2 kwenye nyuzi 37. Zisipopumzika, dakika ya 0 itang'aa kama ya 2.

Kuchochea: weka OKT3, kingamwili inayoshika CD3, maikrogramu 10 kwa mililita, kwenye barafu dakika 15. Osha, pasha seli moto, kisha tia kingamwili ya pili inayozifunga za kwanza pamoja. Saa inaanza kuhesabiwa hapo, si ulipotia OKT3.

Baada ya kukaza, tia methanoli ya asilimia 90, baridi kabisa, tone kwa tone huku ukitikisa tyubu. Ukiimwaga kwa mkupuo seli hushikana madonge. Acha dakika 30. Rangi za PE na APC, zinazobandikwa kwenye kingamwili ili zing'ae, ni protini na methanoli huziua, kwa hiyo zitumie baadaye.

Tafadhali, PMA, kemikali ya kuchochea seli, haifai hapa kuwa kipimo cha uhakika, yaani sampuli ya kuthibitisha kuwa njia yako inafanya kazi. Inaruka ZAP-70 na kuiamsha moja kwa moja kinasi nyingine iliyo mbele yake, kinasi C. Wagonjwa wasio na ZAP-70, walioelezwa mwaka 1994, walikuwa na seli CD4 zisizoitikia kipokezi, lakini PMA pamoja na ionomaisini, kemikali inayoingiza kalisi kwenye seli, viliziamsha. Tumia pavanadeti, inayozuia vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti, iliyochanganywa papo hapo.

Kwa wanaotumia Western, njia ya kutenganisha protini kwa ukubwa na kuzihamishia kwenye utando: zuia utando huo usinase kingamwili ovyo kwa albumini ya ng'ombe, si maziwa ya unga, kwani kazeini ya maziwa yenyewe imejaa fosfeti. Na kama unachemshia sampuli kwenye sufuria, kumbuka maji ya Nairobi huchemka karibu nyuzi 94, hivyo ziongezee dakika mbili tatu na ubane vifuniko.