Wazazi wakiachana, mtoto wa miaka 4 abaki kwa nani?

Pole sana dada. Mumeo anadai mtoto ni wake kwa kuwa alitoa mahari na ana kipato kikubwa? Kama mko Tanzania, asikutishe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inatanguliza ustawi wa mtoto, na aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, mpaka baba athibitishe vinginevyo. Mahakama husikiliza mila pia, ila haipendi mtoto ahamishwehamishwe. Kipato cha mumeo kitumie kuombea matunzo ya mtoto. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako, ubebe cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki inayoonyesha wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka.