Kompyuta ya kuunganisha mwenyewe inayojiwasha upya ghafla: iache fedha ya RAM mfukoni kwanza

Ndugu yangu wa Mafinga, maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Unasema kompyuta ya mezani uliyoiunganisha mwenyewe mwezi Machi, yenye prosesa ya Ryzen 5 2600 na pawa saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kompyuta) iliyoandikwa 600W, inazimika na kujiwasha upya bila onyo lolote, mara ukiwa katikati ya mchezo mzito, mara ikiwa imetulia tu na faili moja la PDF mbele yako. Windows umeshaiweka upya mara mbili, na sasa fundi anakushauri ununue RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nakuomba fedha hiyo uiache mfukoni kwanza. Mwaka 2021, hapa Mbeya, nilinunua RAM, kisha nikanunua mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, na ugonjwa haukuwa kwenye kimoja wala kingine.

Mashine yangu iko kwenye steshenari ndogo maeneo ya Soweto, ambako mchana nachapa na kutoa nakala, na jioni nahariri video za harusi na sendofu. Ndani yake kuna Ryzen 5 3600, kadi ya picha ya RX 580 niliyoinunua mtumba, na RAM ya GB 16. Pawa saplai ilikuja pamoja na kasha, nayo ilikuwa na maandishi makubwa ubavuni: 500W. Miezi miwili ya mwanzo sikuona tatizo, kisha ikaanza kujiwasha upya mara moja kwa wiki, na baadaye karibu kila siku. Jioni moja ilijiwasha upya mwanafunzi akiwa ameketi pembeni yangu tukirekebisha ripoti yake ya utafiti, na kurasa alizokuwa amenisomea kwa saa nzima zikapotea kabla sijazihifadhi. Hakunilaumu, lakini alirudi Uyole usiku bila kazi yake, na hapo ndipo niliponunua daftari la kaunta kwa ajili ya mashine hiyo peke yake.

Daftari hilo lilinisaidia kuliko kifaa chochote. Kila ilipojiwasha upya niliandika saa, programu zilizokuwa wazi, kama feni zilikuwa zinapiga kelele, na jambo lolote lililokuwa likiendelea dukani au nje. Baada ya siku tisa nilikuwa na matukio kumi na manne, na kumi na moja kati yake yalitokea kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku. Pembeni ya matukio kadhaa nilikuwa nimeandika, bila kulitilia maanani, kwamba balbu ilififia. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mashine ya kusaga mahindi, na hizo ndizo saa ambazo watu hupeleka debe zao wakitoka kazini.

Mota ya mashine ya kusaga, inapowashwa moja kwa moja, huvuta kwa muda mfupi umeme wa mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishachanganya. Kama wewe na mwenye mashine hiyo mko kwenye waya mmoja, volti za kwako hushuka kwa muda huo. Pawa saplai nzuri hulivuka pengo kama hilo kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita yake kubwa. Viwango vya ATX, ambavyo pawa saplai za kompyuta za mezani hufuata, vinaitaka istahimili takriban milisekunde 16 bila umeme wowote kutoka ukutani, yaani chini kidogo ya mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50. Pawa saplai dhaifu au iliyochoka haifiki hapo. Inapoona volti zake za ndani zinaporomoka, huondoa ishara inayopita kwenye waya wa kijivu kuiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa, na mazabodi isipoiona ishara hiyo hujisimamisha papo hapo. Ishara ikirudi, mashine huanza upya. Ndiyo maana wewe unaona kompyuta inajiwasha upya wakati taa ya chumbani haijazimika hata kidogo.

Hata hivyo mashine ya kusaga ilikuwa nusu tu ya habari. Nilifungua kasha nikamulika lebo ya pawa saplai kwa tochi ya simu, na safari hii nikasoma jedwali dogo la chini badala ya namba kubwa ya juu. Mstari wa +12V, yaani wa umeme wa volti 12, ulisema 18A (amperi 18). Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216, na huo ndio umeme ambao prosesa na kadi ya picha hugawana, kwa sababu vifaa hivyo viwili hula karibu umeme wao wote kwenye mstari huo. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185, na prosesa yangu inaweza kufika 88 ikibanwa. Jumla ni 273, kabla hujahesabu feni wala diski. Wati 500 zilizoandikwa ubavuni zilijumlisha mistari ya volti 3.3 na 5, ambayo kompyuta ya siku hizi huigusa kidogo sana. Naliona jambo hili kuwa la kuwapotosha wanunuzi, na ningependa kila anayeuza kasha lenye pawa saplai amwoneshe mteja jedwali lile kabla ya kupokea fedha yake.

Ili nisijidanganye, nilipima. Nilichukua plagi ya Molex isiyotumika, ile ya matundu manne inayotoka kwenye pawa saplai, yenye waya wa njano, mweusi, mweusi na mwekundu, nikaweka ncha nyeusi ya malitimita (kipimo cha umeme) kwenye tundu la waya mweusi na ncha nyekundu kwenye la waya wa njano. Mashine ikiwa imetulia nilisoma 11.9. Nilipoanza kutoa video ya harusi, namba ikateremka hadi 11.5 na kubaki inacheza hapo. Nikasubiri. Saa kumi na moja na dakika chache balbu ikafifia, mita ikaonesha 11.3 kwa kufumba na kufumbua, na mashine ikajiwasha upya mita ikiwa bado mkononi mwangu. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Kumbuka kwamba malitimita ya kawaida husoma polepole, kwa hiyo mteremko wenyewe bila shaka ulikuwa mkubwa kuliko nilioushuhudia. Kwenye soketi ya ukutani nilipima pia: mchana 226, jioni ile 187. Ukipima ukutani, hakikisha mita iko kwenye volti za AC na vidole viko mbali na ncha. Pawa saplai yenyewe usiifungue kwa namna yoyote, kwa kuwa kapasita yake huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Sasa nirudi kwenye mashine yako, kwa sababu sisemi ugonjwa wako ni wangu. Anza kwa kuiuliza Windows inachokijua. Andika sysdm.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, nenda kwenye mipangilio ya kuwaka na kurejesha mfumo, uondoe alama ya vema inayoiruhusu kujiwasha upya yenyewe hitilafu inapotokea. Kuanzia hapo, kama kosa ni la dreva au la RAM, mara nyingi utaona skrini ya bluu ikibaki mbele yako na jina la kosa. Kama itaendelea kuzima na kuwaka bila skrini ya bluu, basi Windows haikupata hata nafasi ya kulia, na unatafuta umeme au kifaa kibovu. Kisha andika eventvwr, fungua kumbukumbu za mfumo, utafute tukio la Kernel-Power namba 41. Wengi wakiiona namba hiyo hudhani wamepata jibu, kumbe inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Kinachofaa ni kilichomo ndani yake: kama BugcheckCode, yaani namba ya kosa la skrini ya bluu, ni 0, hakuna skrini ya bluu iliyorekodiwa. Ukikuta pembeni yake WHEA-Logger namba 18, prosesa yenyewe imeripoti hitilafu, na hapo anza kwa kurudisha mipangilio yote ya BIOS (programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows) kwenye ile ya kiwandani.

RAM usiinunue, ila ipime. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uiache usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Likitokea, zima XMP (mpangilio unaoiongezea RAM kasi) kwenye BIOS upime tena, kisha pima kijiti kimoja kimoja, kwa sababu mara nyingine kijiti ni kizima na kasi uliyokilazimisha ndiyo isiyokifaa. Vijiti vyangu vya zamani, ambavyo nilikwishaviuza kwa hasara, vilipita jaribio hilo bila kosa kwenye mashine ya aliyevinunua.

Joto nalitaja kwa ufupi. Huku kwetu nyanda za juu watu husema kompyuta haiwezi kuchemka kwa baridi hii, lakini Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama sehemu moja ya sita, na feni inasukuma hewa pungufu kuliko unavyodhani. Ukiongeza vumbi la kiangazi, mapezi ya kipoza joto huziba. Hata hivyo kompyuta iliyozidiwa joto kwa kawaida huzimika na kubaki imezimika. Yako inajiwasha yenyewe, kwa hiyo joto ningeliweka nyuma kwenye orodha.

Kile kinachonifikirisha kwako ni kujiwasha upya ikiwa imetulia. Prosesa za Ryzen za vizazi vya mwanzo, zikikosa kazi, hushusha matumizi ya umeme hadi chini sana, na baadhi ya pawa saplai za zamani huyumba zinapovutwa umeme mdogo kiasi hicho. Kwenye BIOS za mazabodi nyingi za AMD kuna mpangilio unaoitwa Power Supply Idle Control. Uweke kwenye Typical Current Idle, usibadilishe kitu kingine chochote, na uandike tarehe daftarini. Kama matukio ya kwenye PDF yatakoma huku ya kwenye mchezo yakiendelea, pawa saplai itakuwa imejitaja yenyewe kutoka pande zote mbili. Kabla ya hapo, chomoa pia waya wa kitufe cha kuwashia upya unaotoka mbele ya kasha, kwa maana kitufe kilichokwama kinafanya jambo hilihili na kukichomoa hakugharimu hata senti. Na kwa kuwa uliunganisha mwenyewe, angalia nguzo ndogo za shaba chini ya mazabodi: kusiwe na hata moja iliyosimama mahali ambapo bodi haina tundu la skurubu.

Mimi nilibadilisha pawa saplai, nikachukua yenye 12V ya amperi 45 na inayopokea volti 100 hadi 240, na baadaye nikaongeza UPS, kifaa chenye betri ya akiba, ambayo hubadili kwenda kwenye betri kwa milisekunde chache tu. Stabilaiza ya kawaida nilikuwa nayo tangu mwanzo na haikusaidia: inapandisha volti zilizoshuka kwa muda mrefu, lakini mteremko wa ghafla unaisha kabla haijaamka. Jirani anasaga kama kawaida, balbu inafifia kama kawaida, na ukurasa wa mwisho wenye maandishi kwenye lile daftari ni wa Oktoba 2021.

Niandikie namba ya amperi iliyo kwenye mstari wa +12V wa lebo yako, jina la kadi yako ya picha, na saa za matukio ya wiki moja. Kama kuna karakana ya mbao au ya kuchomelea karibu na nyumba, iandike nayo.