Tiba ya saikolojia kwa simu inasaidia? Mimi ilinisaidia, ngoja nikueleze ilivyokua

Mleta uzi pole sana ndugu yangu. Umesema tangu ajali ya bodaboda usingizi hauji, ukisikia honi mwili mzima unatetemeka, na unauliza hawa wanasaikolojia wa kwenye simu wanasaidia kweli au ni kuliwa hela tu. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mimi niko Tanga. Mwaka 2021 tukitokea Dar basi lilipinduka kabla hatujafika Segera, na mama wa siti ya pembeni alifariki nikiwa nimemshika mkono. Mimi nilitoka na michubuko tu. Nyumbani wote wananiambia mshukuru Mungu, na kweli namshukuru, lakini nikifumba macho nasikia vioo vinavunjika, miezi minane hivyohivyo, dukani nikaacha kwenda, kula siwezi. Shangazi akaleta mtu wa kunisomea dua, ilinituliza usiku ule, asubuhi nikawa palepale.

Rafiki yangu ndo akaniunganisha na mwanasaikolojia tiba, dada mmoja anayefanya pia utafiti wa kiwewe (jeraha la akili linalobaki baada ya tukio baya) na sonona (huzuni nzito isiyoisha). Siku ya kwanza nilijua ataniuliza ajali ilikuaje, kumbe akaanza na uko wapi saa hizi, hospitali ya karibu ni ipi, na nipe namba ya mtu anayeweza kufika kwako haraka ukizidiwa, maana mimi niko mbali. Hapo ndo nikamwamini. Anayeanza kukuhudumia kwa simu bila kuuliza hayo, achana nae. Akanipa maswali 9 ya kupima sonona wanayaita PHQ-9, unajibu ulivyokua wiki mbili zilizopita, kila swali 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa 27, ikiwa kubwa ndo hali mbaya, mimi nikapata 19. Swali la mwisho linauliza kama umewaza bora ufe. Nilikua sijamwambia mtu yeyote hilo, nikamwambia yeye.

Kikao cha tatu akaniambia niandae kamba, mawe na maua. Kamba ya katani huku haikosekani, nikaitandaza kwenye mkeka, simu nikaiegemeza kwenye ndoo ili aone chini. Kamba ndo maisha yako tangu umezaliwa, jambo jema unaweka ua, baya unaweka jiwe. Nilijua nitaweka jiwe moja tu la basi, nikajikuta nimeweka manne, na moja la msiba wa baba nikiwa darasa la nne nililia kuliko hata la basi. Baada ya hapo kila kikao tunachukua jiwe moja tunalisimulia taratibu mwanzo mpaka mwisho, harufu gani, ulivaa nini, mwili ulisikiaje, na katikati ananirudisha, leo jumamosi, uko chumbani kwako, gusa mkeka. Njia hii ilishatumika kambi ya Nakivale kule Uganda kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na waliowahudumia walikua wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo.

Sikufichi, wiki za mwanzo ndoto ziliongezeka nikataka kuacha. Alishanitahadharisha mapema, ndo maana nilivumilia. Baada ya vikao 12 nikajibu tena yale maswali 9, nikapata 7.

Kilichonisumbua zaidi ni pa kukaa. Nyumba ya kupanga, dari liko wazi, chumba cha pili wanasikia kila kitu. Nilikua nachagua saa 10 jioni watoto wako madrasa, redio naiweka mlangoni. Na video ikikata katikati ya kilio inaumiza sana, tukakubaliana ikikata tu anapiga simu ya kawaida.

Dawa yeye haandiki, usingizi ulipogoma kabisa alinielekeza kwa daktari wa akili. Na wewe kama umeshawaza kujidhuru usisubiri miadi ya mtandaoni, nenda hospitali leo na mtu wako.

Umesema unaishi na kaka yako. Je, hapo kwenu ni saa ngapi unaweza kukaa peke yako kama dakika 50 bila mtu kukugongea? Nijibu hapahapa tupange kuanzia hapo.