Maswali na majibu: Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya na leseni za televisheni

Safu ya leo inajibu maswali ya wasomaji kuhusu jambo moja: ni nini kiliyapata matangazo ya televisheni yanayovuka mipaka baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020 na kipindi cha mpito kumalizika tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Maswali nimeyafupisha.

Swali (Nairobi): Chaneli yenye leseni ya London iliwezaje kuonekana Stockholm au Warsaw bila kuomba ruhusa huko?

Iliwezeshwa na kanuni ya nchi ya asili, iliyowekwa mwaka 1989 katika sheria ya Ulaya iliyojulikana kama Televisheni Isiyo na Mipaka, na baadaye ikarithiwa na sheria ya mwaka 2010 kuhusu huduma za utangazaji wa sauti na picha. Kwa kanuni hiyo kituo husimamiwa na nchi mwanachama mmoja tu, yaani ile yenye makao yake makuu na ambako maamuzi ya uhariri hufanyika. Nchi nyingine haziwezi kukizuia ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama uchochezi wa chuki au madhara makubwa kwa watoto. Ndiyo maana Ofcom, mdhibiti wa Uingereza, alikuwa akitoa leseni kwa mamia ya chaneli ambazo hazikumlenga mtazamaji wa Uingereza hata kidogo.

Uzito wa kanuni hii unaonekana vizuri zaidi Sweden. Kituo cha TV3 kilianza kuonekana tarehe 31 Desemba 1987 kikirusha kwa setilaiti kutoka London na kuwalenga watazamaji wa Skandinavia, wakati ambapo vituo vya Sweden vyenyewe vilikuwa haviruhusiwi kurusha matangazo ya biashara. Hata Sweden ilipoyaruhusu, ilibaki na katazo la matangazo yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12. Mwaka 1997 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba katazo hilo haliwezi kutumika dhidi ya kituo kinachorusha kutoka nchi nyingine mwanachama. Kwa hiyo mtoto wa Stockholm aliweza kubonyeza rimoti na kuhama, ndani ya sebule moja, kutoka sheria ya Sweden kwenda sheria ya Uingereza. Na baba yake aliona tangazo la pombe ambalo kituo cha nyumbani kisingethubutu kulirusha. Waswidi walilalamika kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu walikuwa na hoja.

Swali (Leicester): Kama leseni hizo zilikoma kutambuliwa, mbona hatukusikia chaneli zikizimika Ulaya?

Zilikoma kweli kutambuliwa, ila wenye chaneli hawakungoja siku ya mwisho. Kura ya maoni ilipigwa Juni 2016, na kampuni zilipata miaka minne na zaidi ya kujipanga. Discovery ilichukua leseni Uholanzi, na BBC nayo ikafanya hivyo kwa chaneli zake za kibiashara zinazoonekana Ulaya bara. Mtazamaji wa Warsaw hakugundua chochote: king'amuzi ni kilekile, kifurushi ni kilekile, namba ya chaneli haikubadilika.

Kilichobadilika kipo nyuma ya skrini. Leseni haihami kama karatasi tu, kwani sheria inatazama maamuzi ya uhariri yanafanyika wapi na sehemu kubwa ya wafanyakazi iko wapi. Discovery ilikuwa imeshatangaza mwaka 2018 kwamba itafunga kituo chake cha kurushia matangazo magharibi mwa London. Hasara ya Uingereza, basi, ilikuwa ajira za watu wa fani hiyo pamoja na mamlaka ya Ofcom juu ya chaneli hizo. Na mkataba wa biashara uliotiwa saini Desemba 2020 haukuokoa kitu, kwa kuwa huduma za sauti na picha ziliachwa nje yake, jambo lisilomshangaza yeyote anayejua jinsi Ufaransa inavyoulinda utamaduni wake katika meza za biashara.

Swali (Brussels): Nimesoma kwamba upo mkataba mwingine unaoiruhusu Uingereza kuendelea kurusha. Je, ni kweli?

Ni kweli, ingawa wewe uliye Ubelgiji haukuhusu. Huo ni Mkataba wa Ulaya wa Televisheni Inayovuka Mipaka, nao ni wa Baraza la Ulaya lenye makao yake Strasbourg, chombo ambacho si Umoja wa Ulaya na ambacho Uingereza bado ni mwanachama wake. Ubelgiji, Uholanzi, Ireland na Sweden ni miongoni mwa nchi ambazo hazimo katika mkataba huo. Zaidi ya hapo, haugusi huduma za kutazama video kwa kuchagua mwenyewe, na hauna mahakama ya kuulazimisha utekelezwe.

Hata hivyo umeleta vituko. Februari 2021 Ofcom ilifuta leseni ya CGTN, chaneli ya Kiingereza ya dola ya China. Mwezi uliofuata mdhibiti wa Ufaransa alisema kwamba chaneli hiyo iko chini ya mamlaka ya Ufaransa, kwa sababu mawimbi yake yalipitia setilaiti ya Eutelsat, kampuni ya Kifaransa. Ufaransa ni mwanachama wa mkataba, Uingereza pia. Chaneli iliyofukuzwa mlangoni ikapata njia halali ya kurudi. Desemba 2021 RT, chombo cha habari cha dola ya Urusi, ilijaribu mlango huohuo kwa kurusha chaneli ya Kijerumani kwa leseni ya Serbia, nayo mwanachama wa mkataba. Wadhibiti wa Ujerumani walikataa wakisema kazi yenyewe inafanyika Berlin, hivyo leseni ya Serbia haina nguvu, na Eutelsat ikaiondoa kabla ya Krismasi.

Swali (Birmingham): Nikienda likizo Hispania, kwa nini akaunti yangu ya filamu inaonyesha orodha tofauti?

Kuanzia Aprili 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya ilimruhusu mteja kusafiri na huduma aliyoilipia nyumbani. Kwa wateja wa Uingereza haki hiyo iliisha tarehe 1 Januari 2021. Kampuni ikikuonyesha orodha ya Hispania, au ikikuzuia kabisa, haivunji sheria.

Swali (Leicester): Je, tamthilia za Uingereza bado zinahesabiwa kuwa za Ulaya?

Ndiyo, na kwa sababu ya mkataba uleule wa Strasbourg. Ile sheria ya Ulaya ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka huduma za video ziwe na angalau asilimia 30 ya kazi za Ulaya, na kazi zinazotoka katika nchi za mkataba huo zimo katika hesabu. Mwaka 2021 ilifahamika kwamba Umoja wa Ulaya unanung'unikia wingi wa kazi za Uingereza katika fungu hilo. Kwa watayarishaji wa London naona hapa ndipo pa kuogopa kuliko kwenye leseni zenyewe, kwa sababu leseni huweza kuhamishwa, lakini tamthilia iliyotengenezwa Uingereza haiwezi kubadilishiwa uraia.

Swali (Dar es Salaam): Nchi ikijitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki, chaneli zitaathirika vivyo hivyo?

Hapana, kwa kuwa huku hakuna leseni ya pamoja ya kuvunjika. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 bila televisheni kuguswa. Kampuni ya ving'amuzi inayotaka kuuza vifurushi Tanzania na Kenya huomba leseni mara mbili, na mwenye malalamiko akiwa Mwanza huyapeleka TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, ilhali jirani yake wa ng'ambo ya ziwa, Kisumu, huyapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hata kama wote wawili walikuwa wakitazama mechi ileile.