Kabla hujanunua Château Haut-Brion

Nimehudumu mezani katika mgahawa mmoja wa Bordeaux, Ufaransa, kwa hiyo ndugu na marafiki huniuliza sana kuhusu mvinyo wa Château Haut-Brion, ile chupa ya bei ya kutisha: je, inafaa? Inafaa. Ila usianze nayo.

Château Haut-Brion ni shamba la mizabibu lililoko Pessac, kando ya jiji la Bordeaux, na anayekwenda akitarajia mashamba ya mbali vijijini hushangaa, maana mji umekua ukaizunguka mizabibu pande zote. Mwanzilishi wake, Jean de Pontac, alioa mwaka 1525, na ardhi ya Haut-Brion ikamjia kupitia ndoa hiyo. Jumba lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1549. Lakini mtu wa kumfikiria unapotoa pesa ni wazao wake waliofanya biashara London. Enzi hizo mvinyo wa Bordeaux uliuzwa bila kutajwa shamba, nao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuza kwa jina la shamba. Tarehe 10 Aprili 1663 Samuel Pepys, mkazi wa London, aliandika katika shajara yake kwamba amekunywa mvinyo wa Kifaransa uitwao “Ho Bryan”, wenye ladha ya pekee ambayo hajawahi kuikuta. Jina aliliandika alivyolisikia, lakini tayari alilijua! Mwaka 1855, madalali wa Bordeaux walipoipanga mivinyo kwa madaraja wakifuata bei za sokoni, Haut-Brion ikaingia daraja la kwanza, na ndiyo pekee kati ya mivinyo myekundu iliyotoka nje ya Médoc, eneo la mvinyo lililo kaskazini mwa jiji.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ni hilo jina. Sehemu nyingine ni udongo, na huo majirani wanao pia.

Udongo wa Pessac ni changarawe nene. Maji ya mvua hayatuami, mizizi inalazimika kushuka chini, na mawe yanatunza joto la mchana. Ukionja mvinyo wa huko uliokomaa utakuta moshi, tumbaku, na ile harufu ya ardhi iliyochomwa na jua. Ndiyo maana mimi humwambia mtu aanze na chupa nyingine zenye maandishi Pessac-Léognan, jina la eneo hilo la mvinyo: Haut-Bailly, Domaine de Chevalier, au Pape Clément, shamba lililokuwa la Bertrand de Goth kabla hajawa Papa mwaka 1305. Si rahisi, ila bei zake haziumizi kama ya Haut-Brion. Kunywa hizo mpaka ulimi uzoee. Kisha tafuta Le Clarence, mvinyo wa pili wa Haut-Brion yenyewe, yaani wa shamba hilohilo ila wa ngazi ya chini, uliopewa jina la Clarence Dillon, tajiri wa benki wa Marekani aliyelinunua shamba mwaka 1935. Kwa wengi ningesema safari iishie hapo bila majuto.

Ukiamua kuendelea, angalia mwaka wa mavuno kuliko kitu kingine. Nimewaona wateja wakifungua chupa changa ya mwaka uliosifiwa, wakabaki na ukakasi mdomoni na bili mkononi. Mwaka mzuri wa Haut-Brion unataka miaka kumi na tano au zaidi. Mwaka uliosifiwa kidogo hukomaa mapema na huuzwa nafuu, na kwa maoni yangu ndiyo chaguo la mtu mwenye akili anayetaka kunywa leo.

Muulize muuzaji chupa imekaa wapi. Akijikanyaga, ondoka. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 12 hadi 14, gizani, chupa ikiwa imelala ili kizibo kisikauke. Anayeipeleka Dar es Salaam au Mombasa asiiweke juu ya kabati la sebuleni. Joto la pwani litauua mvinyo huo kabla hajaalika wageni. Kama huna friji ya mvinyo, inywe ulikoinunulia.

Siku ya kuifungua, isimamishe tangu jana yake ili mashapo yatue chini. Mimina taratibu kwenye jagi la kioo, uache ukiona tope linakaribia shingo ya chupa. Chupa kongwe sana usiipe hewa muda mrefu, hupoteza harufu haraka. Nyama ya kondoo ya kuoka inatosha kabisa. Pilipili iweke mbali, na barafu usiilete hata mezani.