Maswali ya Wasomaji: Taa ya Grinda ya Mkanda

Safari hii tumechagua barua nne za mafundi wanaotumia grinda ya mkanda wa msasa. Zote zinahusu taa.

Natengeneza visu kwa grinda ya mkanda wa inchi 2 kwa 72. Juu yangu darini kuna balbu mbili za LED za wati 20 kila moja, na karakana inang'aa vizuri tu. Lakini mikwaruzo ya msasa namba 60, ule wa chembe kubwa, huwa naiona nikishamaliza namba 400 ya chembe ndogo, tena nikitoka nje juani. Ninunue balbu kubwa zaidi?
*Fundi visu, Arusha*

Usinunue. Mwanga unao wa kutosha, ila unatoka mahali pasipofaa. Taa ya dari iko juu ya kisogo chako, kwa hiyo ukiinama kwenye mashine, kichwa na mikono vinatia kivuli palepale unapotaka kuona. Kisha mwanga unaoshuka wima juu ya chuma hujaza kila mkwaruzo sawasawa. Jicho huona mkwaruzo kwa sababu ya kivuli cha kingo zake, na pasipo na kivuli chuma huonekana laini hata kama si laini. Ndiyo maana jua la asubuhi au la jioni, linalokuja kwa ubavu, linakuumbua.

Unahitaji taa mbili ndogo, kila moja na kazi yake. Ya kwanza ni ya kuonyesha chuma kinapogusa mkanda. Uso unaousaga umelalia msasa, huwezi kuuona. Unachokiona ni mstari mwembamba kati ya kisu na mkanda, na ule ukingo wa juu uliouchora alama ya katikati kabla ya kuanza. Taa hii ifungwe juu ya bamba la nyuma ya mkanda, imesogea kidogo upande wa pili wa mkono unaoongoza kisu, imulike kwenda chini ndani ya ule mwanya. Kutoka taa hadi mahali pa kazi paache sentimita 40 hadi 50. Ikiwa karibu zaidi ya hapo, utaigonga kwa panga refu.

Ya pili ni ya kukagua, na hapa mafundi wengi hukosea. Kisu ukikishika kwa mlalo mbele ya mkanda unaoshuka, mikwaruzo hukata bapa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Kwa hiyo mwanga upite kwa urefu wa kisu, kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha, umelala nyuzi 15 hadi 30 tu juu ya bapa. Weka taa hiyo ubavuni mwa mashine, usawa wa kifua, uwe unageuza kiwiliwili na kukileta kisu mbele yake bila kuhama ulipo. Ukihamia kwenye msasa wa mkono na kusugua kwa urefu, mikwaruzo nayo imegeuka, basi geuza kisu robo mduara mbele ya taa ileile. Kila unapobadili namba ya msasa, badilisha kidogo na pembe ya kusaga. Mkwaruzo wa namba 60 uliobaki utakatiza mistari ya namba 120 na kujitokeza wenyewe.

Kuhusu ukubwa: lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa, luksi ni ule unaofika kwenye kazi. Taa ya LED yenye lumeni 300 (wati 4 hivi) na mwanga uliokusanywa kwenye pembe ya nyuzi 60 hutoa karibu luksi 1,400 ikiwa nusu mita kutoka kwenye kazi. Ipeleke mita moja, unabaki na luksi 350, kwa kuwa umbali ukizidi mara mbili mwanga hupungua mara nne. Kwa kusaga kwa kawaida luksi 500 zinatosha. Kwa kumalizia, lenga 1,000. Ukizidisha sana, chuma kilichokwisha kung'aa kitakurudishia mwanga machoni na utaona vibaya kuliko mwanzo.

Angalia pia rangi. Kwenye boksi tafuta 4000K hadi 5000K (mwanga mweupe) na CRI, yaani kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi, ya 90 au zaidi. Balbu ya manjano ya sebuleni itakuficha ile rangi ya majani makavu inayotokea chuma cha kaboni kikifika nyuzijoto 230 hivi. Utashtuka ukiona buluu, nayo huja karibu na 300, na hapo makali yamekwisha kulegea. Hata kwa taa nzuri, usisubiri rangi: chovya kisu majini mara tu vidole vitupu vinapohisi moto.

Mara nyingine gurudumu la grinda yangu linaonekana limesimama, au linarudi nyuma polepole, wakati mota inanguruma. Taa zangu ni tyubu za zamani za choki na stata. Mashine ina kasoro?
*Fundi wa mageti, Mombasa*

Mashine ni nzima. Taa ndizo zinazokudanganya, na ni udanganyifu wa kukata vidole. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya choki hufifia na kuwaka mara mbili kwa kila wimbi la umeme, yaani mara 100 kila sekunde. Chukua gurudumu la mikono minne linalozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Kila taa inapowaka upya, mkono mmoja umeshachukua nafasi ya mwenzake kamili, na jicho linaona gurudumu lililotulia. Mota ya namna hiyo ikiwa na mzigo hushuka hadi mizunguko 1,420 au 1,450, haifikii 1,500 kamili, na ndiyo maana unaliona likirudi nyuma taratibu.

LED si dawa moja kwa moja. Balbu za bei ya chini zisizo na kapasita ya kutosha ndani hufifia vilevile mara 100, na baadhi ya taa zenye kitufe cha kupunguza mwanga huanza kufifia ukizipunguza. Ipime kabla ya kulipa: mwombe muuzaji aiwashe, kisha pitisha penseli haraka mbele yake, huku na huko. Ukiona penseli nyingi zilizotengana kama vidole, iache. Ukiona ukungu mmoja mlaini, nzuri. Kamera ya simu ikionyesha mistari myeusi inayotembea, hiyo nayo ni dalili mbaya.

Kama tyubu zako bado zina uhai, fundi umeme anaweza kutoa choki na stata akaweka balasti ya kielektroniki, inayowasha tyubu kwa mapigo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Jicho halitadanganyika tena. Kwa leo, anza kwa kufunga taa moja iliyofaulu mtihani wa penseli karibu na mashine, na usiguse mkanda mpaka umezima swichi na kusikia mota imenyamaza.

Nilinunua taa ya shingo ya kupinda yenye kitako cha sumaku, nikaibandika kwenye mwili wa grinda. Kitako kimeota manyoya ya unga wa chuma, kioo kimekuwa na ukungu, na sasa inawaka na kuzima.
*Msomaji, Nakuru*

Sumaku na unga wa chuma ni majirani wasiofaa. Tena mtikisiko wa mashine hulegeza viungo vya waya ndani ya shingo, na huko kuwaka na kuzima huenda ndiko kunakotoka. Funga taa kwa boliti ukutani au kwenye nguzo ya benchi, mbali na mwili wa mashine.

Ukungu wa kioo ni cheche: kila chembe ya moto huchimba kishimo chake, kwenye plastiki hata zaidi. Washa mashine, tazama mkondo wa cheche unakoelekea, uiweke taa nje ya njia hiyo. Mbele yake bana kipande cha kioo cha dirisha, kikichakaa unabadilisha. Chagua taa yenye alama ya IP65, yaani isiyoingiza vumbi, kwani unga wa chuma hupitisha umeme ukiingia kwenye sakiti. Ukipata ya volti 24 yenye transfoma yake, bora zaidi. Ya volti 240 yenye shingo ya chuma lazima iwe na waya wa ethi. Futa kwa brashi kavu umeme ukiwa umechomolewa. Usipulize kwa kompresa, utausukuma unga ndani.

Je, taa ya kichwani inaweza kuchukua nafasi ya hizo zote?
*Mwanafunzi wa ufundi, Morogoro*

Hapana. Mwanga wake hutoka karibu na macho na kufuata njia ileile unayotazamia, kwa hiyo vivuli vya mikwaruzo vinajificha nyuma ya kingo zake. Inafaa kutafuta nati iliyoanguka chini ya benchi.